Kitabu cha Sanduku Kwenye Rafu ya Kuku

Ugomvi wetu ulianzia kwa kuku. Asubuhi moja alikuja mama mmoja, vifaranga wake wanakufa hovyo, anataka kitabu kitakachomwambia kisa na mkasa. Mimi si mtu wa kuku. Mimi ni wa chumba cha watoto. Lakini mwenzangu wa upande wa watu wazima alikuwa ameenda kunywa chai, na yule mama alisimama pale na uso wa msiba, sasa ningefanyaje? Nikampeleka kwenye rafu ya ufugaji. Nikapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu: magonjwa ya kuku, chakula cha kuku, mabanda ya kuku, na katikati yao, kimejibanza kimya, Kitabu cha Sanduku.

"Mungu wangu!" nikasema. Na mimi nikisema, nimesema. Mzee aliyekuwa anasoma gazeti dirishani aliangusha miwani.

Hiyo sauti yangu nayo ina habari yake. Watoto wananiita Bi Kipaza, yaani kipaza sauti, na sina la kujitetea. Kuna watu walioumbwa kukaa maktaba na kuna walioumbwa kunadi samaki sokoni, na siku ya kugawa kazi mimi nilipewa ya mwingine. Lakini watoto wananipenda, na mimi nawapenda mpaka basi, kwa hiyo wakubwa wamenivumilia.

Kitabu cha Sanduku si jina lake rasmi. Watoto ndio wanakiita hivyo kwa sababu ya sanduku lililochorwa kwenye jalada. Ni hadithi ya msichana ambaye mama yake alifunga sanduku akaondoka, akamwacha kwa shangazi. Msichana anamngoja. Kila siku anakunja nguo zake na kuziweka tayari, ili mama akifika asicheleweshwe. Mpaka siku moja shangazi anamketisha kwenye sakafu ya jikoni na kumwambia ukweli kwamba mama hatarudi. Ndicho kitabu kinachosomwa kuliko vyote chumbani mwangu, na ndicho kinacholalamikiwa kuliko vyote. Tumekitia gundi mara nyingi hadi kimenenepa.

Sasa utauliza, nilijuaje ni nani aliyekipeleka kwa kuku? Nilijua palepale, wala sikuhitaji mpelelezi. Mtu wa kawaida akitaka kuficha kitabu angekitupa nyuma ya kabati, au angekitumbukiza popote, kichwa chini miguu juu. Hiki kilikuwa ugenini, kweli, lakini hukohuko ugenini kilikuwa kimepangwa kwa herufi ya jina la mwandishi wake, baina ya bwana wa minyoo na bibi wa mayai, na mgongo wake umelingana na wa wenzake kwenye ukingo wa rafu. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kufanya uovu kwa unadhifu kiasi hicho. Ni Rula.

Rula ndiye huyo mwenzangu aliyekuwa ameenda kunywa chai. Anatembea na rula ya mbao mfukoni, anaitumia kusukuma vitabu vilingane. Siku ya msiba wa marehemu mume wangu nilimkuta sebuleni kwangu, machozi yanamtoka, huku anapanga vitabu vyangu kwa urefu. Ni rafiki yangu tangu wote wawili tulipokuwa wembamba. Nikiwa na neno nampelekea yeye kwanza, na nikikosea ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuniambia funga mdomo.

Basi nikampa mama wa kuku kitabu chake, nikakichukua cha kwetu, nikakirudisha chumba cha watoto. Sikusema neno. Kwa mtu anayenijua, hilo peke yake lingetosha kumtia hofu.

Kesho yake hakipo. Nikazunguka rafu zote nikakikuta kwenye sheria za ardhi, herufi yake ileile, kimesimama wima kama wakili. Nikakirudisha. Baadaye nikakitoa kwenye mapishi. Nilipofika kwenye mapishi, nilikuwa nimeshachoka kuchezewa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba aliyekuwa anakitafuta kila mchana ni mjukuu wake Rula mwenyewe. Huyo mtoto tunamwita Kwanini. Ametambaa kwenye zulia langu, ameotea meno kwenye kingo za vitabu vyangu, na tangu aanze kusema hajaacha kuuliza. Kwa nini maji hayana rangi, kwa nini Bwana Mkuu wa maktaba ananong'ona, kwa nini Bi Kipaza hanong'oni. Akitoka shule anakuja kwangu, anasoma mpaka bibi yake afunge kazi, kisha wanaondoka pamoja, mkubwa na mdogo, wameshikana mikono. Lakini kwa kitabu hiki hakuuliza chochote. Alisimama mbele ya rafu, akatazama pengo, akachukua kingine, akaenda kukaa. Mtoto wa namna ile akinyamaza, ujue kuna jambo.

Nikamfuata Rula kwenye kijichumba cha chai, nikafunga mlango kwa kisigino.

"Rula, siku hizi kuku wanasoma?"

"Kuku gani?"

"Na mawakili? Na wapishi?"

Akaendelea kukoroga chai yake. Sukari yenyewe alikuwa hajatia.

"Ungekitupa nyuma ya kabati ningewalaumu panya," nikamwambia. "Umekipanga kwa herufi, mwanamke wewe! Hata kuiba hujui?"

"Nilijaribu kukiweka ovyo," akasema taratibu. "Nikakisukumiza tu pale, nikaondoka. Nikafika mlangoni, nikashindwa. Nikarudi kukinyoosha."

Jamani, nilicheka. Nilikuwa na hasira za kuchemsha maji, lakini nilicheka hadi nikashika ukuta, na yeye akacheka, mabega yakitikisika. Halafu mimi nikanyamaza na mabega yake yakaendelea kutikisika, na hapo nikaona kumbe hacheki tena.

"Una nini?" nikasema. "Rula. Una nini, dada?"

Akanieleza. Nilijua kwamba binti yake aliondoka kwenda kufanya kazi nchi ya mbali, Kwanini akiwa bado mtoto wa kubebwa. Nilijua kwamba alikuwa akipiga simu, na simu zikapungua. Nilichokuwa sijui ni ile ya mwisho.

"Aliniambia ameolewa huko," alisema Rula. "Mume hajui kama ana mtoto. Akasema, mama, sirudi, wala usinitafute. Mwambie nimekufa, itakuwa rahisi. Nikamwuliza, rahisi kwa nani? Akakata."

"Na Kwanini umemwambia nini?"

"Kwamba mama yuko kazini. Kazi ikiisha atakuja."

"Utasema hivyo mpaka lini?"

"Mpaka awe mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

Akasema tu kwamba alimkuta mtoto amejikunja kwenye kona ya chumba changu, kitabu kimefunguliwa pale penye jikoni, na moyo wake ukapasuka. Tangu siku hiyo akawa anakificha.

Mimi nina ugonjwa mmoja: nikimwonea mtu huruma sana, nakasirika. Nikamwambia mficha maradhi kifo kitamuumbua. Nikamwambia huwezi kumfungia mtoto ukweli kabatini kama unga. Nikamkumbusha kwamba ni yeye, si mwingine, aliyekitetea kitabu hikihiki baba mmoja alipokuja juujuu akidai kinawafundisha watoto kuwachukia mama zao. Rula alimwambia kwa upole, "Baba, kitabu hiki hakijamwacha mtoto wa mtu." Yule baba aliishia kuomba radhi.

"Wakati ule binti yangu alikuwa bado anapiga simu," Rula akasema. "Kuutetea ukweli wa nyumba ya jirani ni kazi nyepesi, Kipaza. Ngoja ukugongee wewe mlango."

"Nikikirudisha utakificha tena?"

"Nitakificha."

"Basi lete lalamiko mezani kama watu wote!"

"Nitaleta!"

Tukaachana chai zetu zikiwa zimejaa vikombe. Mpaka siku ya Ijumaa hatukusemezana. Nikitaka gundi namtuma Mkuu wa maktaba, na yeye akitaka mkasi anamtuma Mkuu. Maskini, alikwenda na kurudi kati yetu kama mpatanishi wa ndoa, na kwa kuwa ananong'ona, nusu ya ujumbe haukufika. Mkuu wetu amenong'ona kazini miaka na miaka mpaka amesahau namna nyingine ya kuongea. Hata kwenye simu ananong'ona, na anaowapigia hudhani kuna siri kubwa.

Lakini ni mtu wa haki, na huo utaratibu wa lalamiko mezani aliuanzisha yeye. Kwetu mtu akitaka kitabu cha watoto kiondolewe, hatubishani naye kaunta. Anakaribishwa siku ya Ijumaa mchana, mlango wa mbele ukiwa umefungwa kwa chakula, kwenye meza tunayokarabatia vitabu. Sheria ni chache. Asiyekisoma kitabu chote hana kiti, wa kusimuliwa asubiri nje. Anayeongea anakishika kitabu mkononi, wengine wananyamaza. Na anayelalamika sharti aanze kwa kukisifu. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye dawa. Kuna mzee aliyekuja kulalamikia kitabu cha mbuzi aliyevaa suruali bila shati, eti ni kukosa adabu. Akaambiwa haya, anza na sifa. Akasifu rangi, akasifu mashairi, akasifu akili ya mbuzi, na mwisho akaomba akiazime akawasomee wajukuu. Suala la shati halikuzungumzwa tena.

Ijumaa ikafika. Rula akaingia amebeba Kitabu cha Sanduku kifuani kwa mikono yote miwili. Akakaa kwenye kiti cha mlalamikaji, kiti ambacho yeye mwenyewe amewasogezea watu wengi. Mimi nikakaa upande wa pili, nimevimba kama hamira. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumaliza mchezo.

"Sifa kwanza," akanong'ona Mkuu.

Rula akakifungua, akakifunga. Akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Kina maneno machache," akaanza. "Hakimdanganyi mtoto wala hakimhubirii. Mwandishi wake anajua kungoja ni nini. Pale msichana anapokunja soksi..." Akanyoosha kona ya jalada. "Pale penye soksi ni pazuri sana."

Tukasubiri.

"Na nataka kiondolewe chumba cha watoto," akasema. "Sisemi ni kibaya. Nasema ni kweli tupu, na kweli ina wakati wake na ina mtu wake. Mtoto asiambiwe na karatasi jambo ambalo hajaambiwa na wa kwao. Akija kunyanyua macho kwenye kitabu, atamtazama nani? Atanitazama mimi, na mimi nitakuwa mwongo."

Mkuu akatikisa kichwa polepole. "Na wa kwao atamwambia lini?"

Rula akanisukumia kitabu.

Nikakishika, na yale maneno yangu yote ya kumaliza mchezo sikuyaona yalikokwenda. Ni vigumu kumpiga mtu ambaye amejipiga mwenyewe mbele yako. Nikashusha sauti, na kwangu mimi kushusha sauti ni kazi ya shokoa, ya kulazimishwa.

"Rula amesema kweli," nikasema. "Kuambiwa na karatasi kwanza si vizuri. Lakini kitabu hakitoki. Mimi ndiye ninayekaa na wale watoto. Kwenye lile zulia kuna wanaomngoja baba, kuna wanaomngoja kaka, kuna mmoja anangoja mtu ambaye hata hajui ni nani. Wanakichukua hiki wanakwenda nacho kwenye kona, na wakirudi wananiegemea kidogo bila kusema, kisha wanaenda kucheza. Mimi sijui kinawafanya nini humo ndani. Najua tu kwamba wanarudi na uso uliopumzika. Nikikiondoa kwa sababu ya mmoja ninayempenda, nitawaambia nini wale wengine ambao nao nawapenda? Rula, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, siwezi kukufundisha hilo. Lakini hasira zako zimekosa njia. Aliyekuumiza si huyu."

"Ninajua aliyeniumiza," akasema Rula, ingawa kitabu kilikuwa mkononi mwangu. Mkuu akainua kidole kumkumbusha sheria, kisha akakishusha.

Hapo mlango ukafunguka. Alikuwa Kwanini, shati la shule limetoka nje ya sketi, mkononi ana kipande cha mkate alichokuwa ameambiwa akile kwenye benchi la ukumbini.

"Nilimwona Bibi amekibeba," akasema. "Ndicho mnachokijadili?"

"Rudi ukale," akasema Rula haraka.

"Nimekisoma chote."

Mtoto amekulia kwenye jengo hili, anazijua sheria za meza kuliko anavyoijua hesabu ya kujumlisha. Nilitaka kumkanyaga Mkuu mguu chini ya meza ili asije akafanya alichokuwa anataka kufanya. Nikamkanyaga Rula. Na Mkuu, na haki zake, akainuka, akavuta kiti kutoka ukutani, akakipangusa kwa leso yake, akakiweka mezani.

"Aliyekisoma chote ana kiti," akanong'ona.

"Mkuu, tafadhali," akasema Rula. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu kwa sauti ile. Sisi watatu tulijua anachoogopa. Akiongea mtoto, lolote linaweza kutoka, na likitoka halirudi. Lakini Kwanini alikuwa ameshakaa, miguu inaning'inia, na ameninyooshea mkono nimpe kitabu. Nikampa. Ningefanya nini?

Akauweka mkate kando, akafuta vidole kwenye sketi kabla ya kukishika. Bibi yake amemlea.

"Sifa kwanza," akajiambia mwenyewe. "Ninapenda pale jikoni. Shangazi anaogopa. Hakijaandika kwamba anaogopa, lakini anafunga bomba, anafungua bomba, anafunga tena. Anaogopa halafu anasema. Hapo ndipo pazuri kuliko pote."

Hakumtazama bibi yake. Alikuwa anakitazama kitabu.

"Una lalamiko?" akauliza Mkuu.

"Ninalo moja." Akafunua kurasa kwa uhakika, akapafikia mahali pake. "Hapa. Shangazi anamwambia. Msichana analia, shangazi anamshika. Anamshika sana, ukurasa mzima. Halafu sura inaisha. Sura inayofuata ni asubuhi, wanakunywa chai." Akanyanyua uso. "Nani alimshika shangazi?"

Tukatazamana, wakutubi wazima watatu. Tumekisoma kitabu kile hatujui mara ngapi, tumekitia gundi, tumekitetea, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza hilo.

"Yule mama wa sanduku ni wifi yake shangazi, tena ndiye rafiki yake mkubwa," akaendelea Kwanini. "Kwa hiyo na shangazi pia ameachwa. Na hakuna aliyemshika. Nimerudia kusoma nikidhani nimeruka ukurasa. Sijaruka. Haupo."

"Unataka kitolewe?" akauliza Mkuu, na safari hii hata mimi niliyekaa jirani yake sikumsikia vizuri.

"Hapana! Nataka kiongezwe ukurasa."

Rula alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Akanyoosha mkono wa pili, na mtoto akampa kitabu, maana ndiyo sheria. Rula akakishika.

"Kibaki," akasema. Akavuta pumzi aendelee. Nikaona anatafuta kitu cha kunyoosha pale mezani, mkasi, mkebe wa gundi, chochote. Nami nikaomba kimoyomoyo, ewe Mola, mpe huyu mwanamke neno moja tu.

"Bibi," akasema Kwanini. "Mama harudi, eti?"

Rula akanitazama. Akamtazama Mkuu, naye akainamisha kichwa. Mimi na Mkuu tulimpenda wote wawili, na hatukuwa na cha kumsaidia.

"Harudi," akasema Rula. "Harudi, mwanangu. Alinipigia akaniambia. Nimekuficha. Nilikwambia yuko kazini nikijua si kweli. Wewe hujakosa kitu, unasikia? Hujakosa kitu chochote. Hata mimi sijui kwa nini. Nimemzaa na sijui kwa nini."

"Nilijua," akasema Kwanini.

"Ulijua nini?"

"Kwamba harudi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku yangu ya kuzaliwa. Kila mwaka unasema mwakani mama atakuwepo. Safari hii hukusema. Ulikwenda jikoni ukaosha vyombo." Akasita, kama anayeona aibu kumwumbua mtu mzima. "Vilikuwa visafi, Bibi. Nilikuwa nimeviosha mimi."

Nililia. Siwezi kusema nililia kimya kimya. Mkuu akanipa ile leso yenye vumbi la kiti.

"Mbona hukuniambia kama unajua?" Rula akauliza. "Mtoto wewe, wewe unayeniuliza mpaka kwa nini sungura hajui kuogelea! Ulikaa na jambo hili peke yako miezi yote hiyo?"

"Ungelia."

"Na kama ningelia?"

"Nyumbani tuko wawili tu." Sasa sauti yake ilianza kukatika, na ile sura yake ya mwenye kiti mezani ikabomoka, akabaki mtoto. "Hakuna mwingine wa kukushika. Na mimi mikono yangu haifiki."

"Haifiki wapi, mama?"

"Nyuma. Nikikushika haifiki nyuma. Nimejaribu ukiwa umelala."

Rula akakiweka kitabu mezani, akakiacha vilevile kilivyoangukia, akafungua mikono. Kwanini akateremka kitini, akamwendea, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, uso umezama kifuani kwa bibi yake. Wakalia pamoja. Rula alilia kama mtu aliyebanwa siku nyingi, mgongo wote unapanda na kushuka. Na ilikuwa kweli alivyosema mtoto. Rafiki yangu ni mwanamke mpana, na ile mikono midogo iliishia mbavuni, vidole vimetanuka vinatafuta mahali pa kushika.

Nikainuka. Nikazunguka meza, nikapiga magoti nyuma ya kiti cha Rula, magoti yangu haya mabovu, nikakamata mkono mmoja wa Kwanini upande huu na mmoja upande ule, nikakaza.

"Imefika?" nikamwuliza.

"Imefika," akasema.